Kinachorudi: Mazungumzo juu ya Maana ya Nyimbo za Dream Theater

Wapenzi wenzangu wa Dream Theater, wageni mlioburutwa hapa na marafiki zenu, na wewe uliyeahidiwa kwamba tutamaliza mapema: karibuni, na poleni. Hii ni bendi ya roki ya Marekani ambayo wimbo wake wa dakika nane huhesabiwa mfupi. Msitegemee kwamba anayeizungumzia atakuwa mchoyo wa maneno.

Nimeombwa niseme juu ya maana ya nyimbo zao. Ni ombi la hatari mbele ya watu kama ninyi, kwa sababu najua humu ndani mko kambi mbili na mmekaa pamoja kwa adabu tu. Ipo kambi inayoamini kwamba kila kengele, kila mkwaruzo, kila tarakimu kwenye jalada la albamu imewekwa kwa makusudi ili sisi tuifumbue. Na ipo kambi inayosema maneno ya nyimbo ni kisingizio tu cha kumpa John Petrucci nafasi ya kupiga gitaa. Nimewasikiliza wote, na nadhani wote mnasikiliza mahali pasipo penyewe. Nitakachotetea leo ni hiki: kwa bendi hii, maana hukaa katika kinachorudi kuliko inavyokaa katika ubeti. Mahadhi uliyoyasikia mahali fulani yakija kutokea pengine, katika wimbo mwingine, pengine katika albamu ya miaka mitano baadaye, hapo ndipo penye kauli. Maneno hutuonyesha mlango tu.

Historia nitaipitia mbio. Mwaka 1985, wanafunzi watatu wa chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston, Marekani, walianzisha bendi wakaiita Majesty: Petrucci kwenye gitaa, John Myung kwenye gitaa la besi, Mike Portnoy kwenye ngoma. Kevin Moore akaongezeka kwenye kinanda. Jina likabadilishwa kuwa Dream Theater, albamu ya kwanza ikatoka 1989 ikiimbwa na Charlie Dominici, na haikutikisa kitu. James LaBrie, Mkanada, akaingia 1991, na mwaka uliofuata "Images and Words" ikawafungulia mlango. Moore aliondoka 1994, Derek Sherinian akashika kinanda kwa muda, kisha tangu 1999 yupo Jordan Rudess. Hayo yanatosha kwa leo. Mengine mnayajua kuliko mimi.

Tuanze na wimbo uliowaleta wengi wenu, "Pull Me Under". Maneno yake ni ya Moore, na yamejengwa juu ya Hamlet, yule mwana wa mfalme wa Shakespeare aliyeuliwa baba na anayesukumwa kulipa kisasi huku mwenyewe akizama. Ulichezwa redioni na kwenye MTV, jambo la ajabu kwa wimbo unaozidi dakika nane. Kisha mnajua kinachotokea mwishoni. Yanasikika maneno ya Hamlet mwenyewe, yale ya kutamani mwili huu mgumu uyeyuke, halafu muziki unakatwa. Haufifii wala haufungwi kwa pigo la ngoma. Unakatwa katikati ya mwendo wake, na wapo walioamini diski waliyonunua ni mbovu.

Kambi ya kwanza itaniambia mkato ule ni fumbo. Kambi ya pili itasema ni kituko cha studio. Mimi nasema tuusikilize kama sehemu ya hadithi. Anayeimba ni mtu anayeomba avutwe chini, anaomba tena na tena katika kiitikio, na kila kiitikio kikirudi kinakuwa kizito zaidi. Mara ya mwisho ombi lake linakubaliwa. Sauti haipo kwa sababu mwenye sauti hayupo. Huhitaji shahada ya fasihi kulijua hilo, unahitaji tu kutogusa kitufe cha kurudisha nyuma hadi umesikia kimya kile kama kimya. Kwa njia, bendi yenyewe haijawahi kujidanganya juu ya umaarufu wa wimbo huo. Mwaka 2008 mkusanyiko wa nyimbo zao ulipotoka, waliupa jina la "Greatest Hit", kwa umoja, kisha wakaongeza kwamba zipo nyimbo nyingine 21 nzuri nzuri.

Katika "Images and Words", albamu yenye "Pull Me Under", kuna mfano mdogo ambao watu huupita. "Wait for Sleep" ni wimbo mfupi, piano na sauti tu, wa mwanamke aliye peke yake usiku. Unaofuata ni "Learning to Live", ulioandikwa na Myung katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa hofu mpya na nzito. Katikati ya wimbo huo mrefu, baada ya mizunguko mingi ya ngoma na kinanda, yale mahadhi ya piano ya yule mwanamke yanarudi. Hakuna neno linaloeleza kwa nini. Lakini ukishayasikia, upweke wa chumba kile unahamia ndani ya wimbo unaozungumzia jinsi ya kuishi mauti yakiwa karibu, na nyimbo mbili zinakuwa habari moja. Ubeti usingeweza kuifanya kazi hiyo bila kuonekana unahubiri.

Sasa niwatendee haki wafumbuaji, kwa sababu wamewahi kushinda, na ushindi wao ndio kicheko kikubwa zaidi katika historia ya bendi hii. Wimbo ni "In the Name of God", wa mwaka 2003, unaofunga albamu ya "Train of Thought". Ni wimbo mzito kuhusu watu wanaoua wakidai wametumwa na Mungu. Ndani yake, chini kabisa ya kelele za magitaa, zimefichwa sauti za Morse, ule msimbo wa zamani wa simu za maandishi, wa nukta na mistari. Mashabiki walizikuta, wakazisafisha, wakazitafsiri herufi kwa herufi. Walitegemea nini? Aya ya kitabu kitakatifu, labda. Jina la mtu. Wakapata tusi la Portnoy, msemo wake wa mzaha juu ya makalio na viungo vingine ambavyo sitavitaja nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Fumbo mfumbie mjinga, wahenga walisema. Portnoy aliwafumbia werevu, akawacheka.

Lakini ngojeni, kambi ya pili msishangilie bado. Katika wimbo uleule kuna kitu kingine kilichozikwa. Karibu na mwisho, nyuma ya kwaya na magitaa, unaimbwa "Battle Hymn of the Republic", wimbo wa kijeshi wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wimbo unaomwona Bwana akija kwa utukufu pamoja na majeshi yanayoandamana. Sikilizeni hilo limekaa wapi. Wimbo umetumia dakika zaidi ya kumi kulaani wanaoua kwa jina la Mungu, na msikilizaji wa Marekani mwaka 2003 alikuwa na sura fulani kichwani, sura ya adui wa mbali. Kisha chini ya masikio yake unapita wimbo wa nchi yake mwenyewe, nao unasema jambo lilelile. Sijui mlaumu nani mwingine tena. Humo ndimo maana ilimo, na haikuhitaji kutafsiriwa kwa nukta. Ilihitaji mtu autambue wimbo wa zamani unaporudi mahali usipoutarajia. Kitu kimoja kilichofichwa ni upuuzi, kingine ni moyo wa wimbo, na vimo katika kapu moja. Kwa hiyo swali si kama kitu kimefichwa. Swali ni kama kitu hicho kinafanya kazi yoyote pale kilipo.

Niingie sasa kwenye hadithi ambayo ninyi hugombana juu yake hadi usiku wa manane, "Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory", ya mwaka 1999. Chanzo chake kinapendeza. Mwaka 1992 waliweka wimbo uitwao "Metropolis" na kuuandika "Sehemu ya Kwanza". Ilikuwa utani. Sehemu ya pili haikuwepo. Lakini mashabiki hawakuelewa utani, wakaidai sehemu ya pili mwaka baada ya mwaka, hadi bendi ikaona heri iandike. Kwa hiyo albamu ambayo wengi tunaiita kilele chao ilizaliwa na watu waliokosea kusoma mzaha kama ahadi. Nawapa wafumbuaji sifa hiyo bila kinyongo.

Hadithi yenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya wageni wetu. Kijana Nicholas anasumbuliwa na kumbukumbu zisizo zake. Anakwenda kwa daktari wa kutibu kwa usingizi, na humo usingizini anamwona Victoria Page, msichana aliyeuawa mwaka 1928. Gazeti la wakati ule liliandika kwamba muuaji alikuwa mpenzi wake, Julian Baynes, ambaye kisha alijiua, kwa maelezo ya shahidi asiyetajwa jina. Nicholas anaamini. Sisi nasi tunaamini, kwa sababu wimbo wa "Beyond This Life" unatusomea habari ya gazeti kama gazeti, na nani hubishana na gazeti lililoimbwa kwa kasi ile? Ukweli unakuja mwishoni kabisa: Edward, ndugu yake Julian na mheshimiwa seneta, alikuwa na mahusiano na Victoria, akawaua wote wawili, akapanga eneo la tukio, akajifanya shahidi.

Hapo wengi huishia. Lakini albamu ina dakika chache zimebaki. Nicholas anarudi nyumbani. Tunasikia gari, mlango, habari kwenye televisheni, santuri ikiwekwa. Halafu sauti ya yule daktari inasema, "Fumbua macho, Nicholas." Kuna mshtuko, kisha mkwaruzo wa santuri, kisha basi.

Mabishano niliyoyasikia juu ya sekunde hizo yangejaza vitabu. Je, Nicholas anaota? Je, bado yuko kwenye kiti cha daktari? Jibu limo ndani ya wimbo huohuo, dakika chache kabla, na ni la kusikia. Edward anapokaribia kumpiga risasi Victoria, anamwambia maneno yaleyale, ila jina ni tofauti: fumbua macho, Victoria. Maneno yanarudi. Mwenye kuyasema miaka ya 1920 alikuwa muuaji. Anayeyasema leo ni daktari. Roho ya Victoria imerudi katika Nicholas, hilo tuliambiwa wazi, na roho ya Edward nayo imerudi, hilo hatukuambiwa na mtu. Tuliachiwa sentensi moja tuiunganishe. Baadaye tamasha lao la New York la Agosti 2000 lilipotolewa kwa video, likaigiza jambo hilo waziwazi, na mimi binafsi nilisikitika kidogo. Masikio yalikuwa yameshamaliza kazi.

Na sasa rudini nyuma wimbo mmoja. "The Spirit Carries On" ndio wimbo unaopendwa na hata watu wasiopenda bendi hii. Una kwaya, una gitaa linalopaa, una Nicholas anayetangaza kwamba haogopi tena kufa kwa sababu roho huendelea. Watu huuweka kwenye kumbukumbu za wapendwa wao, nami sina neno la kuwavunja moyo. Ila mahali ulipo katika hadithi pana ukali. Nicholas ana haki kwamba roho huendelea. Hajui tu kwamba roho inayoendelea si ya Victoria peke yake. Faraja ile ni ya kweli na ndiyo inayomuua. Hakuna mstari unaosema hivyo, mpangilio wa nyimbo ndio unaosema.

Mtu akiniuliza kwa nini katikati ya albamu wakaweka "The Dance of Eternity", wimbo usio na neno hata moja na unaobadilisha hesabu ya mapigo zaidi ya mara mia katika dakika sita na ushei, jibu rahisi ni kwamba wanapenda kujionyesha. Ni kweli, wanapenda. Lakini jina la wimbo ule limetoka katika maneno ya mwisho ya "Metropolis" ya 1992, na vipande vya ule wimbo wa zamani vimekatwakatwa na kutawanywa ndani yake. Ni kumbukumbu ya mtu mwingine inayokuja vipandevipande, bila mpangilio, bila mdundo wa kushikilia. Kama unashindwa kuhesabu, hata Nicholas alishindwa.

Nimeweka kando muda mrefu zaidi kwa ajili ya Portnoy na pombe, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Mwaka 1994, katika albamu ya "Awake", Portnoy aliandika wimbo uitwao "The Mirror". Ni mtu mbele ya kioo akiona anachofanywa na ulevi. Aliuandika akiwa bado anakunywa. Aliacha pombe mwaka 2000, kwa msaada wa ule mpango wa hatua kumi na mbili wa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Kisha akaanza kuandika nyimbo tano, moja katika kila albamu, kuanzia 2002 hadi 2009, zikizigawana hatua zote kumi na mbili. Amezitoa kwa heshima ya Bill W., mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, na marafiki zake.

Wimbo wa kwanza, "The Glass Prison", unachukua hatua tatu: kukiri kwamba huna nguvu mbele ya pombe, kuamini kwamba kuna uwezo unaokuzidi, kujikabidhi kwake. Ungedhani kujikabidhi kutaimbwa polepole, kwa unyenyekevu. Hapana. Ni mojawapo ya nyimbo zao zenye kasi na ghadhabu kubwa kabisa. Anayejisalimisha hapa hafanyi hivyo akiwa ametulia. Anasalimu amri kwa sababu amepigwa hadi hana pengine pa kwenda. Na gereza lenyewe ni la kioo. Unaona nje muda wote.

Wa pili, "This Dying Soul", wa 2003, ni wa kujikagua bila woga na kukiri makosa mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yako na mbele ya mtu mwingine. Unaanza kwa kusalimia kioo, kwa furaha ya kinafiki, kama rafiki aliyepotea siku nyingi. Aliyeisikia "Awake" anajua mara moja kioo hicho ni kipi. Miaka tisa imepita, na bado wanakutana. Kisha mwishoni mwa wimbo, kipande cha "The Glass Prison" kinarudi kwa nguvu. Fikirini hilo: amekwishakiri, amekwishajikagua, yuko hatua ya tano, na muziki wa gerezani umerudi. Wa tatu, "The Root of All Evil", wa 2005, unaomba kasoro ziondolewe, na ndani yake kunasikika "This Dying Soul". Huu sitaukalia, ndio mwepesi kuliko yote matano na naona Portnoy mwenyewe alikuwa na haraka.

"Repentance", wa 2007, ndio unaowagawa. Hatua ya nane na ya tisa: kuandika orodha ya watu uliowaumiza, kisha kuwaendea na kuwaomba radhi. Wimbo ni wa polepole, karibu mzito kama usingizi. Salamu ya kioo inarudi neno kwa neno, lakini ule unafiki umeisha, sasa ni uchovu. Halafu katikati wimbo unasimama, zinaanza sauti za watu halisi wakiomba radhi kwa mambo ya maisha yao wenyewe, wanamuziki wenzao: Corey Taylor, Steve Vai, Joe Satriani, Mikael Åkerfeldt, Steven Wilson, Jon Anderson na wengine, sauti juu ya sauti. Najua wengi wenu mnaruka sehemu hiyo. Msijifiche, nawaona mnavyocheka. Nakubali ni ndefu. Lakini jiulizeni, radhi inaombwaje? Huwezi kuomba radhi kwa kupiga gitaa vizuri. Hatua ya tisa inadai mdomo, jina na kosa. Ndiyo maana bendi yenye wapigaji hodari kiasi kile ikaacha kupiga chochote cha maana kwa dakika kadhaa ili watu waseme. Kama ingejaza nafasi hiyo kwa ufundi, ingekuwa imekwepa hatua yenyewe.

Tunafika 2009, "The Shattered Fortress", hatua tatu za mwisho. Huu ndio wimbo ambao nimewasikia wengi wakiulalamikia, na malalamiko yao ni ya haki kabisa kwa masikio: hauna jipya. Umeshonwa kwa vipande vya nyimbo nne zilizotangulia. Mahadhi ya hapa, mdundo wa kule, ubeti wa zamani wenye maneno mapya. Mashabiki walisubiri miaka saba wapate kilele, wakapewa viraka.

Nasema viraka ndivyo vilivyotakiwa. Hatua ya kumi haisemi umepona. Inasema endelea kujikagua, na ukikosea kiri upesi. Ya kumi na moja inasema endelea kutafuta kwa sala na kutafakari. Ya kumi na mbili inasema wapelekee wengine habari hii, na uishi hivyo katika mambo yako yote. Hakuna mahali mpango ule unapokupa cheti. Mlevi aliyeacha pombe huamka na historia ileile aliyolala nayo, sauti zilezile, kioo kilekile. Kinachobadilika ni jinsi anavyozipokea. Wimbo wenye mahadhi mapya matupu, wa ushindi, wenye kengele za sherehe, ungesema uongo. Portnoy aliuandika wimbo unaolazimika kupita tena katika kila chumba alichowahi kufungiwa, na safari hii anapita akitembea. Mkiusikiliza peke yake, ni mkusanyiko wa vipande vya zamani. Mkiusikiliza baada ya ile minne, kila kipande kinarudi kikiwa na uzito wa mahali kilipotoka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo husemwa mara chache. Portnoy ndiye mlevi, lakini anayeimba sehemu kubwa ya maneno hayo ni LaBrie. Ni LaBrie pia aliyeimba "Another Day", ambao Petrucci aliuandika wakati baba yake akiugua saratani, na miaka mitano baadaye "Take Away My Pain", baada ya baba huyo kufariki. Na ndiye aliyeimba "A Change of Seasons", wimbo wa dakika 23 ambao kiini chake ni kifo cha mama yake Portnoy katika ajali ya ndege. Watu humlaumu LaBrie kwamba sauti yake ni safi mno, haina kovu. Huenda. Lakini "mimi" ya nyimbo hizi haijawahi kuwa yake, na yeye amekuwa akiwabebea wenzake misiba jukwaani kwa zaidi ya miaka 30. Ninapomsikia akisalimia kioo kisicho chake, simsikii mtu asiyehisi. Nasikia msomaji anayesoma barua ya rafiki mbele ya rafiki huyo huyo, aliyekaa nyuma yake kwenye ngoma.

Niguse "Octavarium" haraka, kwa kuwa kambi ya kwanza haitanisamehe nikiiruka. Tangu 1999 walikuwa wakiunganisha albamu: mkwaruzo unaofunga "Scenes" ndio unaofungua "Six Degrees of Inner Turbulence", sauti ndefu inayofunga hiyo inafungua "Train of Thought", noti ya piano inayofunga hiyo inafungua "Octavarium". Albamu hiyo ya nane ina nyimbo nane, kila mmoja umepanda ngazi kwenye skeli, ule mpangilio wa noti kutoka chini kwenda juu, na wimbo wa mwisho, wa dakika 24, unarudi pale albamu ilipoanzia. Kuna sehemu ndani yake ambapo hatua za skeli zinatajwa moja baada ya nyingine, na kila moja inaletewa mwangwi wa wimbo wake. Ni kazi ya akili, naiheshimu. Ila kwangu mimi hapa mzunguko umekuwa mchezo. Mahadhi yanarudi kwa sababu mpango unasema yarudi. Linganisheni na "The Shattered Fortress", ambako yanarudi kwa sababu mtu hana namna. Mbinu ni moja, uzito si mmoja, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayeniambia kwamba kila muunganiko ukipatikana basi maana imepatikana.

Nimalizie na jambo ambalo bado liko wazi. Mwaka uliofuata baada ya kukamilisha nyimbo zile tano, Septemba 2010, Portnoy aliondoka katika bendi. Dream Theater hawakuwa wamewahi kuzipiga zote tano mfululizo jukwaani wakiwa naye. Mike Mangini akakaa kwenye ngoma, bendi ikaendelea, ikapata hata tuzo ya Grammy mwaka 2022 kwa wimbo wa "The Alien". Portnoy mwenyewe alizipiga zote tano mwaka 2017, lakini na watu wengine, wengi wao kutoka bendi ya Uingereza iitwayo Haken. Kisha Oktoba 2023 akarudi kwa wenzake, na Februari 2025 wakatoa "Parasomnia", albamu ya majinamizi na usingizi uliovurugika.

Kwa hiyo swali la kufungulia mjadala nalitupa mimi. Sasa wako pamoja. Je, wazipige zote tano usiku mmoja, karibu saa nzima, LaBrie akiimba na Portnoy nyuma yake? Najua wengi mtapiga kelele za ndiyo. Mimi nasema wasizipige, angalau wasizifanye tamasha la kumbukumbu lenye tiketi maalum. Nyimbo zile zilitoka moja moja katika miaka saba, kila moja ikimkuta mtu mwingine kidogo, na kusubiri kule kati ya hatua moja na nyingine kulikuwa sehemu ya habari. Wazitawanye katika ziara, wimbo mmoja leo, mwingine mwaka ujao, tuzisubiri tena.

Kipaza sauti kipo pale katikati. Anayenipinga aanze yeye, na aliyeruka "Repentance" naye ana haki ya kusema, ila kwa ufupi.